Nailoni si nailoni, kitambaa si kitambaa

Jumamosi moja asubuhi pale Feri, baada ya kupatana bei ya vibua, muuzaji aliniuliza swali ambalo kila mnunuzi wa Dar es Salaam analijua: "Anko, mfuko unao?" Nilikuwa nao. Ulikuwa wa kaki, mzuri, wenye mikono ya kamba, niliopewa dukani wiki moja kabla. Dada yule aliuangalia mfuko, akaniangalia na mimi, akasema tu, "Haya." Sikufika kituo cha mwendokasi. Maji ya samaki yalilowesha kitako, karatasi ikalainika kama mkate uliochovywa kwenye chai, na vibua wangu wakamwagika Kivukoni mbele ya watu. Kijana aliyekuwa akipita na rundo la mifuko begani akaniuzia mmoja kwa shilingi mia tano. "Chukua huu wa kitambaa, bosi. Hauwezi kukuangusha."

Haukuwa wa kitambaa. Nilikuja kujua hivyo baadaye nyumbani, kwa mshumaa.

Kwenye mambo haya ya mifuko, majina yenyewe yametuvuruga tangu mwanzo. Ule mfuko mwembamba uliopigwa marufuku tuliuita wa nailoni, au Rambo kwa wanaokumbuka picha ya yule jamaa mwenye bunduki. Lakini nailoni ni kitu kingine, cha nyavu na nyuzi za mswaki. Rambo ilikuwa polithini, plastiki inayotokana na gesi ya ethilini, na gesi hiyo hutolewa kwenye mafuta ghafi au gesi asilia. Nairobi walituzidi: kwa miaka mingi mtu akisema "niwekee kwa pepa" alikuwa anataka mfuko wa plastiki. Kaki nayo ni jina la rangi tu, rangi ya vumbi, limetoka Uajemi na Uhindi hadi kwenye sare za askari, na kutoka kwenye sare likahamia kwenye bahasha. Na mfuko mbadala tunaobebea leo, ule mlaini wa rangi rangi, tunauita wa kitambaa kwa sababu mkononi unafanana na kitambaa.

Ukitaka kuuhakiki, kata ukanda mwembamba kwenye pindo uusogeze kwenye moto. Pamba hushika moto kama karatasi, ikaacha jivu jepesi linalopukutika. Wangu ulijikunja kuukimbia mwali kabla haujaguswa, ukayeyuka, ukadondosha tone lililoganda sahanini likawa gumu kama shanga. Harufu yake ni ya nta. Hiyo ni polipropilini, plastiki ya ukoo mmoja na ile ya viti vya plastiki na vifuniko vya chupa. Nyuzi zake hazikufumwa, zimetandazwa tu zikabanwa kwa joto. Kwa hiyo mfuko wa plastiki ulipopigwa marufuku Tanzania Bara mwaka 2019, wengi wetu tulihamia kwenye plastiki nene zaidi.

Nasema hivyo bila kejeli, kwa sababu huenda uamuzi ule wa kupiga marufuku haukuwa mbaya. Ila ili kujua kama ulikuwa mzuri, lazima tutenganishe maswali mawili ambayo watu huyachanganya wanapobishana kuhusu plastiki na karatasi. La kwanza: mfuko umegharimu nini hadi kufika mkononi mwako? La pili: ukitoka mkononi mwako unakwenda wapi? Plastiki hushinda swali la kwanza na kuanguka vibaya kwenye la pili. Karatasi ni kinyume chake, au karibu na kinyume.

Tuanze na kiwandani. Mfuko wa polithini wenye mikono miwili kama fulana ulibuniwa na Sten Gustaf Thulin, mhandisi wa Sweden, katika kampuni ya Celloplast, na hataza yake, yaani hati ya kulinda ubunifu wake, ikatolewa mwaka 1965. Mwanawe amesimulia kwamba baba yake alikuwa na mfuko mmoja uliokunjwa mfukoni mwa koti siku zote, na kwamba aliubuni kwa nia ya kupunguza ukataji wa miti kwa ajili ya mifuko ya karatasi. Yaani mfuko wa plastiki ulizaliwa ukiwa dawa ya mfuko wa karatasi. Nusu karne baadaye tukageuza maagizo ya daktari.

Kuutengeneza ni kazi ya muda mfupi. Punje za polithini huyeyushwa, hupulizwa zikawa bomba jembamba refu kama puto lisilo na mwisho, bomba hubanwa, hukatwa na kugandishwa pembeni. Malighafi ni mafuta au gesi, ndiyo, lakini kinachotumika ni kidogo mno. Mfuko wa aina hiyo uliopimwa katika utafiti uliotolewa mwaka 2011 na Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulikuwa na gramu 8 tu, na ulibeba lita 19. Mfuko wa karatasi wa kubeba karibu kiasi kilekile ulikuwa na gramu 55. Piga hesabu ya duka linaloagiza mifuko 1,000: kilo 8 upande mmoja, kilo 55 upande mwingine. Kilo hizo zote hubebwa na lori linalokunywa dizeli, na karatasi hata ikikunjwa vizuri hujaza nafasi kubwa kuliko plastiki.

Karatasi ya kaki hupitia safari ndefu zaidi. Kwetu safari hiyo huanzia Mufindi, kwenye misindano ya shamba la Sao Hill, miti yenye asili ya Mexico iliyopandwa kwenye baridi ya nyanda za juu. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo kilijengwa huko miaka ya 1980 kwa sababu ya misitu hiyo. Gogo humenywa, hukatwa vipande vidogo, kisha hupikwa. Nasema kupikwa kwa maana yake halisi: vipande huingia kwenye chungu kikubwa cha shinikizo pamoja na magadi makali na salfaidi ya sodiamu, joto likiwa karibu nyuzi 170, mpaka lignini, gundi inayoshika nyuzi za mti, iyeyuke. Njia hiyo iligunduliwa na Carl Dahl nchini Ujerumani mwaka 1879, na jina lake la Kijerumani, kraft, maana yake ni nguvu, kwa kuwa karatasi inayotoka hapo haichaniki ovyo. Salfa ndiyo huleta ile harufu ya yai viza inayozunguka viwanda vya aina hii. Waliowahi kupita Webuye, magharibi mwa Kenya, enzi kiwanda cha Pan Paper kikifanya kazi, hawahitaji kuelezwa.

Baada ya kupika, rojo huoshwa kwa maji mengi, husambazwa juu ya wavu, hukamuliwa na kukaushwa kwa mvuke. Maji yanayotoka lazima yasafishwe kabla ya kurudi mtoni, na hapo ndipo tofauti ya kiwanda kizuri na kibaya inapoonekana. Tuwe waungwana pia: ile lignini iliyoyeyuka haitupwi. Hukaushwa na kuchomwa palepale kiwandani, ikatoa mvuke na umeme. Kiwanda cha karatasi kinachoendeshwa vizuri hujipikia kwa kuni zake chenyewe. Sasa tuje kwenye tafiti mbili za Ulaya ambazo hazikukubaliana.

Ule wa Uingereza ulikadiria kwamba, kwa upande wa gesi zinazopasha dunia joto, mfuko wa karatasi lazima utumike mara 3 ili uwe sawa na mfuko mwembamba wa plastiki uliotumika mara moja. Mfuko mnene wa plastiki, mara 4. Mfuko mbadala wa polipropilini, mara 11. Mfuko wa pamba halisi, mara 131. Na mfuko mwembamba ukitumika tena, kwa mfano kuwekea taka za ndani, hesabu hizo hupanda. Miaka saba baadaye wakala wa mazingira wa Denmark nao walitoa utafiti wao. Walilinganisha kila mfuko na mfuko wa plastiki wa madukani kwao, ambao ni mnene kuliko Rambo yetu, na kwa upande wa tabianchi karatasi haikuonekana mbaya hata kidogo: haikuhitaji kurudiwa ili kufikia kiwango cha plastiki. Lakini walipotazama madhara yote kwa pamoja, pamoja na maji, udongo na mengineyo, karatasi ikahitaji kutumika mara 43. Pamba ya kawaida mara 7,100. Pamba hai, ile isiyopigwa dawa, mara 20,000.

Namba hizo mbili za mwisho zilizunguka dunia zikiwa uchi. Mtu anayekwenda sokoni mara mbili kwa wiki angehitaji miaka 68 kufikisha safari 7,100, na karibu miaka 192 kufikisha 20,000, yaani mfuko wa kurithishwa hadi kwa vilembwe. Ila soma namba ilivyopatikana. Kwa "madhara yote", Wadenmark walichukua kipimo kimoja ambacho mfuko umefanya vibaya kuliko vyote, na kwa pamba kipimo hicho kilikuwa tabaka la ozoni. Kwa tabianchi peke yake pamba ya kawaida ilihitaji mara 52, si 7,100. Pamba hai ilionekana mbaya zaidi kwa kuwa ekari moja hutoa mavuno machache bila mbolea za viwandani, na kwa kuwa mfuko walioupima ulikuwa mdogo, ikabidi wahesabu miwili kwa kazi ya mmoja. Tena pamba ya Simiyu na Shinyanga hutegemea mvua, haimwagiliwi, kwa hiyo namba iliyopatikana kwa pamba inayomwagiliwa haiwezi kuhamishiwa kwake kama ilivyo.

Lakini kasoro kubwa, kwa sisi huku, ni nyingine. Tafiti hizo mbili hazikuhesabu mfuko uliozagaa. Waliofanya hawakuwa wazembe. Kwao gari la taka hupita kwa ratiba, na karibu kila mfuko huishia kwenye tanuri la kuzalisha umeme au kwenye dampo lililofunikwa. Walijibu swali la kwanza vizuri sana, na la pili walilijibu kwa mitaa yao.

Mtaa wangu si huo. Kwetu gari la taka likikawia, watu huchoma uani. Wengine husubiri mvua, wakamwaga mtaroni usiku ili mto uchukue. Kwenye mazingira hayo, gramu 8 zilizokuwa sifa kiwandani ndizo zinazogeuka laana. Kitu chepesi hivyo hupeperuka. Kila aliyekaa mjini kabla ya 2019 anaikumbuka michongoma iliyochanua Rambo nyeusi na bluu, na mitaro ya Jangwani na Buguruni iliyoziba kila masika. Bangladesh waliona hayo mapema. Mafuriko makubwa ya 1988 na 1998 yaliwafundisha nini kinakaa kwenye mitaro yao, na mwaka 2002 wakapiga mifuko myembamba marufuku kabla ya nchi nyingine yoyote. Kwa wafugaji wa pembezoni mwa miji, shida ilikuwa tumboni mwa ng'ombe: mfuko wenye chumvi au maganda ya ndizi humezwa wote, haumeng'enywi, hujikusanya kwenye tumbo la kwanza mpaka mnyama anakonda huku ameshiba. Baharini, kasa hula konyeza, yule kiumbe mlaini kama jeli anayewasha ngozi, na mfuko mweupe unaoelea majini unafanana na konyeza kuliko kitu kingine chochote.

Mfuko wa karatasi uliozagaa, kwa kulinganisha, hufa mapema. Mvua mbili tatu, mchwa, basi. Polithini juani hupasuka vipande, vipande hupasuka chembe, na chembe hizo hubaki plastiki ileile kwenye udongo na kwenye mchanga wa ufukweni. Ukichomwa uani, mfuko wa kaki huacha jivu; wa plastiki huacha masizi meusi na moshi ambao mwenye pumu nyumba ya tatu anausikia. (Na tulikuwa tukiuchoma makusudi. Nani hajawasha jiko la mkaa kwa kipande cha Rambo?)

Hata hivyo karatasi nayo ina dhambi yake mwishoni. Ikifukiwa ndani kabisa ya lundo la taka lisilopitisha hewa, huoza polepole na kutoa methani, gesi ambayo kilo moja yake hupasha dunia joto karibu mara 28 ya kilo moja ya kaboni dioksidi kwa kipimo cha miaka 100. Plastiki ndani ya lundo hilohilo inalala tu, haiozi, haitoi kitu. Hapo ndipo mtu anaweza kukuambia, bila kudanganya, kwamba plastiki dampo ni afadhali kuliko karatasi dampo. Hajadanganya. Amechagua swali tu.

Nikirudi kwenye marufuku zetu, ndiyo maana naona zilikuwa sahihi hata kama vitabu vya hesabu za kaboni vinanuna. Zanzibar walianza mwaka 2006, Rwanda wakafuata kwa sheria ya 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017 kwa adhabu kali kuliko wote: faini ya shilingi za Kenya milioni 2 hadi 4, au kifungo kinachofika miaka minne. Tanzania Bara ikaingia tarehe 1 Juni 2019. Kwetu mtu wa kawaida anayekutwa na mfuko hutozwa kati ya shilingi 30,000 na 200,000, au kufungwa siku zisizozidi saba. Mtengenezaji na mwingizaji huanzia shilingi milioni 20. Kisichokatazwa ni vifungashio vya bidhaa, kama vya vyakula, dawa na pembejeo, na hapo ndipo ujanja ulipopita. Leo nyanya za genge huwekwa kwenye kile kifuko cheupe kisicho na mikono, kinachoitwa kifungashio, nacho hubebwa hivyohivyo hadi nyumbani. Serikali imeshaonya zaidi ya mara moja. Muuza genge naye ana jibu lake: kaki inapasuka, mbadala ni ghali, mteja hataki kuongeza mia. Hata miche ya misindano inayokuja kuwa karatasi, kwenye bustani nyingi huanza maisha yake ndani ya viriba vya polithini.

Nini cha kubebea basi? Karatasi ina mahali pake: mkate, maandazi, karanga, vitenge, kitu chochote kikavu kinachosafiri umbali mfupi. Ikipewa samaki au nyama inashindwa, na wenye bucha hulijua hilo, ndiyo maana huweka miwili, mmoja ndani ya mwingine, na gharama yake kwa dunia ikawa mara mbili papo hapo. Ule wa kwangu wa Feri haukufikisha hata matumizi mawili, achilia mbali matatu ya Waingereza.

Mfuko mbadala ni swali la unene. Kanuni zetu zinataka uwe na uzito wa kutosha kwa kila mita ya mraba, lakini sokoni ipo miembamba kiasi cha kuona kiganja upande wa pili, na hiyo hukatika mikono safari ya tatu. Mfuko wa aina hiyo hauna upande wowote unaoutetea: una plastiki nyingi kuliko Rambo na maisha yaleyale. Kenya waliliona mapema, mamlaka yao ya mazingira, NEMA, ikatangaza kuizuia mifuko hiyo kuanzia mwisho wa Machi 2019 kwa sababu ya ubovu wake. Mnene, ulioshonwa kwa uzi badala ya kugandishwa, ni habari nyingine. Mara 11 kwa anayekwenda sokoni mara mbili kwa wiki ni chini ya wiki sita. Na kikapu cha ukili cha bibi, kilichokaushwa kwa jua na kushonwa kwa mkono, kingewafanya watafiti wote wale wafunge madaftari yao, ingawa harufu ya samaki ikishaingia kwenye ukili haitoki.

Mimi nilibaki na ule wa mia tano wa Kivukoni, kwa ukaidi tu. Niliuosha kwa sabuni, nikaanza kuweka alama kwa kalamu ya wino mzito upande wa ndani, mstari mmoja kila safari. Wakwe zangu wanadhani ni deni la mtu. Ulipofika mstari wa 29 mkono mmoja ulichomoka, nikaupeleka kwa fundi viatu wa pale kituoni. Aliugeuza geuza, akauliza kama sina akili, kwa sababu kuushona ni mia tano, na mfuko mpya ni mia tano, tena anao hapo pembeni anauza. Nikampa hela akaushona, uzi mweusi kwenye mfuko wa kijani. Jana ulikuwa na mistari 44, na ndani yake kilo mbili za vibua.